Laini moja, kompyuta mbili: mwongozo kamili wa kugawana intaneti nyumbani kwa mashine za zamani

Jirani yangu hapa Uyole, mwalimu mstaafu, ana kompyuta mbili za mezani alizozinunua zikiwa zimeshatumika ofisini. Moja iko sebuleni, ndiyo anayoandikia kumbukumbu zake. Ya pili iko chumbani kwa mjukuu wake wa kidato cha nne. Intaneti ya nyumba nzima ilikuwa simu ya mwalimu. Binti akitaka kupakua mitihani ya miaka iliyopita, babu anasubiri. Babu akitaka kutuma barua pepe, simu inachomolewa chumbani na kurudishwa sebuleni. Jumamosi moja nilipopita kumsalimu, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia: "Mwanangu, nitafutie namna. Huyu mtoto ana mtihani Novemba, sitaki asome kwa zamu."

Nikamwambia, "Mwalimu, tupate waya wa mita kumi na mbili tu." Jioni ile ile kompyuta zote mbili zilikuwa hewani kwa bando moja. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya kwake, pamoja na niliyokutana nayo nikifanya kazi hiyo hiyo kwenye nyumba nyingine za Mbeya. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni moja: jenga kipande kwa kipande, na usihamie kipande kinachofuata kabla hujakijaribu ulichonacho mkononi. Wengi hukwama kwa sababu huchomeka kila kitu kwa pamoja, kisha hawajui tatizo liko wapi.

Kwa nini waya

Kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 2008 hadi 2012 hazina wifi, ila karibu zote zina tundu la mtandao nyuma. Unaweza kununua kidude cha wifi cha USB, lakini mara nyingi kinataka draiva (programu ya kuiwezesha Windows kukitumia), na draiva za Windows za zamani zinatafutwa mpaka usiku. Isitoshe, nyumba zetu nyingi huku zimejengwa kwa tofali za kuchoma, kuta nene. Wifi ya simu ikivuka kuta mbili hivi inabaki kijistari kimoja. Waya haujali ukuta; kebo ya mtandao hubeba mawasiliano hadi mita 100 bila tatizo.

Kama tayari una ruta (kisanduku cha kugawa intaneti) nyumbani, iwe ya faiba au ya laini ya simu, kazi yako ni nyepesi mno: chomeka kompyuta zote mbili kwenye matundu ya LAN ya ruta hiyo na usome tu sehemu za bando, saa na radi hapa chini. Mwongozo huu ni wa yule ambaye intaneti yake inaingia kwa simu au modemu ya USB, kwenye kompyuta moja.

Ujue gharama moja mapema. Kwa njia hii, kompyuta inayopokea intaneti lazima iwe imewashwa ili ya pili ipate. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 80, ikiwaka saa 10, inakula uniti 0.8 za LUKU, bila kuhesabu kioo. Ikiwa nyumbani kwenu mashine ya pili hutumika kutwa nzima wakati ya kwanza haina mtu, ruta ndogo italipa bei yake kwenye umeme. Kwa mwalimu na mjukuu wake, wanaotumia kompyuta jioni kwa pamoja, waya ulitosha.

Kuchagua kompyuta mama

Inayopokea intaneti nitaiita kompyuta mama, inayogawiwa nitaiita kompyuta mtoto. Mama iwe ile yenye Windows mpya zaidi kati ya hizo mbili, na iwe mahali ambapo simu inakamata mtandao vizuri. Uyole kwa mwalimu ilikuwa dirishani sebuleni. Chumbani simu ilikuwa inahangaika.

Kama moja ina Windows XP, hiyo isiwe mama kamwe, na kwa maoni yangu isiingie mtandaoni kabisa. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na tovuti nyingi za leo hazifunguki humo hata ukihangaika. Windows 7 nayo iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 bado inagawa intaneti vizuri, lakini usiifanyie mambo ya benki. Chrome ya mwisho inayokubali Windows 7 ni toleo la 109. Kwa mashine hizo mimi huweka Firefox 115 ya ESR, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu.

Waya wenyewe

Unahitaji kebo ya Cat5e yenye vichwa vya RJ45 pande zote mbili. Pima njia utakayopitisha, kupitia pembeni mwa ukuta na chini ya mlango, kisha ongeza mita mbili. Usipime kwa hewa kutoka kompyuta moja hadi nyingine; waya hauruki.

Dukani, omba waya wa shaba tupu. Kuna kebo za bei ndogo ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe wa fedha ndani ya wekundu, iache. Ule wa aluminiamu hukatika haraka unapokunjwa kwenye kona.

Hapa pana jambo la mashine za zamani ambalo limewatoa jasho mafundi wengi. Ukiunganisha kompyuta na kompyuta moja kwa moja, bila swichi (kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao) wala ruta katikati, waya wa kutuma wa upande mmoja unapaswa kufika kwenye waya wa kupokea wa upande wa pili. Kadi mpya za mtandao za kasi ya gigabiti zinajigundulia na kujibadilisha zenyewe, na inatosha moja kati ya mbili iwe na uwezo huo. Kadi za zamani za megabiti 100 nyingi hazijui kufanya hivyo. Zote mbili zikiwa za aina hiyo, kebo ya kawaida haitafanya kitu. Unahitaji kebo ya kukingamana (crossover).

Kuitengeneza si kazi kubwa ukiwa na koleo la kubania vichwa. Shika kichwa, kidoko kikiwa chini na dhahabu zikikutazama, uhesabu kutoka kushoto. Upande wa kwanza panga hivi: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Upande wa pili: mweupe wa kijani, kijani, mweupe wa chungwa, buluu, mweupe wa buluu, chungwa, mweupe wa kahawia, kahawia. Ukitazama vizuri, chungwa na kijani ndivyo vimebadilishana nafasi, basi. Kama huna koleo, mwambie fundi anayefunga kamera au mtandao akubanie upande mmoja A na mwingine B. Ataelewa.

Sasa chomeka, washa kompyuta zote mbili, utazame taa ndogo pembeni ya tundu la mtandao. Taa ikiwaka pande zote mbili, waya uko salama. Isipowaka, usiguse mpangilio wowote wa Windows. Tatizo liko kwenye waya, vichwa, au draiva ya kadi. Ya mwisho utaijua ukifungua "Device Manager" na kuona alama ya njano kwenye kadi ya mtandao.

Kuleta intaneti kwenye kompyuta mama

Kwa simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya "Hotspot & tethering", uwashe "USB tethering". Tumia waya unaobeba data, maana baadhi ya nyaya za chaja hubeba umeme tu na kompyuta haioni chochote. USB ina faida nyingine: simu inachajiwa papo hapo, na hakuna mpita njia wa kuomba nywila ya wifi.

Modemu za USB ziko aina mbili. Za zamani hupiga simu kupitia programu yake, unabonyeza "Connect" ndipo intaneti ije. Nyingine hujifanya kadi ya mtandao. Za Huawei za HiLink hufungua ukurasa wake kwa anwani 192.168.8.1. Zote zinafaa.

Fungua tovuti mbili tatu kwenye kompyuta mama. Kama hazifunguki, usiendelee. Mama asiye na chakula hana cha kumpa mtoto.

Kufungua mlango kwenye kompyuta mama

Hatua hizi ni za Windows 7 na Windows 10, na lazima uwe umeingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Utaona picha ndogo za miunganisho yote. Ile ya kebo huitwa "Local Area Connection" au "Ethernet". Ya simu huonyesha maneno "Remote NDIS" chini yake. Ya modemu ya kupiga ina jina la modemu.

2. Badilisha majina ili usijichanganye. Bofya kulia, chagua "Rename". Ya simu iite INTANETI, ya kebo iite WATOTO. Mwalimu aliuliza kwa nini tunapoteza muda kwa majina. Dakika kumi baadaye, majina hayo ndiyo yaliyotuonyesha kuwa tulikuwa tumefungua muunganisho usiofaa.

3. Bofya kulia kwenye INTANETI, chagua "Properties", nenda kwenye kichupo cha "Sharing". Kama kichupo hicho hakipo, Windows inaona muunganisho mmoja tu. Rudi uhakikishe simu na kebo zote zinaonekana.

4. Weka tiki kwenye "Allow other network users to connect through this computer's Internet connection". Ukiulizwa "Home networking connection", chagua WATOTO. Tiki ya pili, inayoruhusu wengine kudhibiti muunganisho, iondoe. Kwa modemu ya kupiga kuna nyingine inayoruhusu modemu ipige yenyewe kila mashine inapotaka intaneti. Iondoe pia, la sivyo bando litafunguliwa saa nane za usiku bila wewe kujua.

5. Bonyeza OK. Windows itakuambia kebo itapewa anwani 192.168.137.1. Kubali.

Angalia sana: unafungua "Sharing" kwenye muunganisho wenye intaneti, si kwenye kebo. Hapa ndipo tulipokosea kwa mwalimu, na ndipo ninapowaona wengi wakikosea, kwa sababu akili inasema "nataka kugawa kupitia kebo, basi nigawe kebo." Kinachogawiwa ni maji ya kisima, bomba ni njia tu.

Mwisho, zima usingizi wa kompyuta mama kwenye "Power Options", uweke "Never". Ikilala, intaneti ya chumbani inakatika katikati ya kupakua.

Kwenye kompyuta mtoto

Hapa kazi ni ndogo. Fungua ncpa.cpl, bofya kulia kebo, "Properties", chagua "Internet Protocol Version 4", kisha "Properties" tena. Hakikisha "Obtain an IP address automatically" na "Obtain DNS server address automatically" ndizo zimechaguliwa. Kompyuta zilizotoka ofisini mara nyingi zina anwani za kule zilikotoka, zimeandikwa kwa mkono na zimesahaulika. Zifute.

Ikigoma, fuata njia kutoka nyumbani kwenda mbali

Kwenye kompyuta mtoto bonyeza Windows na R, andika cmd, Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig.

Ukiona anwani inayoanza na 192.168.137, mama amemjibu mtoto, vizuri. Ukiona 169.254, mtoto ameomba anwani, hakujibiwa, akajipa ya kwake. Kama taa zinawaka na bado ni 169.254, nenda kwa mama, ondoa tiki ya "Sharing", bonyeza OK, kisha irudishe. Kwenye Windows 10 hii hutokea sana baada ya kuzima na kuwasha. Ili isijirudie mara kwa mara, fungua services.msc, tafuta "Internet Connection Sharing (ICS)", uiweke "Automatic". Ikiwa bado inajirudia, kurudisha tiki ni kazi ya nusu dakika.

Anwani ikiwa sawa, andika ping 8.8.8.8, yaani unapiga hodi kwenye mashine ya Google iliyoko mtandaoni. Ikijibu, njia ya kutoka nje ipo. Isipojibu, shuku programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta mama, zile zinazokuja na ukuta wake wa moto (firewall, kinga inayozuia mawasiliano); jaribu kuuzima kwa muda mfupi uone. Ukuta wa moto wa Windows wenyewe uache ukiwa umewashwa, hauzuii ugawaji huu. Usishtuke ping ya kwenda 192.168.137.1 ikikataa huku 8.8.8.8 inajibu. Kompyuta mama inaweza kukataa kuitikia hodi na bado ikakupitisha.

Kama 8.8.8.8 inajibu lakini tovuti kwa majina hazifunguki, shida ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Rudi kwenye mipangilio ya kebo ya mtoto, acha anwani ya IP ijipangie yenyewe, lakini kwenye DNS andika 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

Kisha kuna ugonjwa ambao si wa mtandao hata kidogo, ila ndio uliotuchelewesha zaidi kwa mwalimu. Kila kitu kilijibu, lakini kila tovuti ilileta onyo kwamba muunganisho si salama. Binti ndiye aliyeona: "Babu, tarehe inasema 2009." Betri ndogo ya ubao mkuu ulio ndani ya kompyuta, ile ya mviringo ya CR2032, ilikuwa imekufa, hivyo umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Tovuti hujithibitisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni 2009 inaona vyeti vyote kuwa vya uongo. Rekebisha tarehe, na betri ibadilishe, ni ile ile inayouzwa kwa mafundi wa saa. Kwa kompyuta yoyote ya zamani, mimi sasa hutazama saa kabla hata ya kushika waya.

Bando lisiishe kimyakimya

Kompyuta mtoto haijui kwamba mwisho wa kebo kuna simu yenye kifurushi. Kwake yeye, kebo ni kebo, na Windows inaamini kebo haina kikomo. Kwa hiyo itapakua masasisho, programu zitajihuisha, na GB za wiki zinaweza kuisha usiku mmoja.

Kwenye Windows 10 fungua "Settings", "Network & Internet", "Ethernet", bofya muunganisho, uwashe "Set as metered connection". Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili. Kumwekea mama hakumfungi mtoto. Windows 7 haina kitufe hicho, hivyo nenda "Windows Update" uchague kuangalia masasisho bila kuyapakua. Programu za kuhifadhi faili mtandaoni, kama ipo, zizuie zisijiwashe kompyuta inapowaka.

Video ndiyo mlaji mkubwa. Shusha ubora uwe 480p au chini; kwa kioo cha kompyuta ya zamani mwanafunzi ataona ubao wa somo vizuri tu. Vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na mitihani ya nyuma, vifungue mara moja, uhifadhi kinachoruhusiwa kupakuliwa. Kilichoko kwenye kompyuta moja kinaweza kuhamia nyingine kwa kebo ile ile, kwa folda iliyogawiwa, bila kugusa hata MB moja ya bando. Tulimtengenezea mwalimu folda ya MASOMO kwenye kompyuta ya sebuleni. Akipata kitu kizuri anakiweka humo, mjukuu anakikuta chumbani.

Ukiwa na Linux

Mashine ambayo Windows yake imezeeka hufufuka kwa Linux nyepesi kama Lubuntu au Linux Mint, ila kwanza angalia kama prosesa ni ya biti 64, kwa kuwa matoleo ya sasa ya hizo mbili hayakubali biti 32. Kugawa intaneti humo ni kitu kimoja: kwenye mipangilio ya muunganisho wa kebo, sehemu ya IPv4, badilisha "Method" iwe "Shared to other computers". Anwani zitaanza na 10.42.0 badala ya 192.168.137. Tofauti na Windows, hapa unagusa kebo yenyewe, si upande wa simu.

Mvua na radi

Mvua zetu za nyanda za juu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na huku Mbeya, Tukuyu hasa, radi si jambo la kusimuliwa. Kebo yako ipite ndani ya nyumba tu. Usiivushe nje kwenda nyumba ya uani kwa kuifunga kwenye kamba ya nguo au mti. Waya wa shaba uliotandazwa nje hukusanya umeme wa radi, na sasa umeunganisha kompyuta mbili, kwa hiyo zote mbili ziko hatarini. Ndani nako, usiifunge pamoja na nyaya za umeme wa ukutani.

Ngurumo ikisikika, zima kompyuta zote mbili, chomoa plagi ukutani, chomoa simu, kisha chomoa kebo ya mtandao pande zote mbili. Watu hukumbuka plagi na kusahau kebo. Kwa mwalimu tumebandika karatasi juu ya tundu la umeme sebuleni, imeandikwa kwa mwandiko wa mjukuu: PLAGI, SIMU, WAYA WA CHUMBANI.